Wadanganyifu wa Gemu Hawatashindwa kwa Kupekua Kompyuta Zetu

Imani moja imeota mizizi miongoni mwa watengenezaji wa gemu za mtandaoni, na siku hizi hata miongoni mwa wanaozicheza: kwamba udanganyifu utakoma pale tu kampuni itakapoingia ndani kabisa ya kompyuta ya mchezaji, ikakaa kwenye kiini cha mfumo endeshi, ikaona kila kinachopita, na kumfungia akaunti papo hapo kila inayemtilia shaka. Mwaka 2020 Riot Games ilitoa Valorant pamoja na Vanguard, programu ya ulinzi inayoamka mara tu kompyuta inapowashwa, hata kama mwenyewe ameiwasha ili aandike barua. Mwaka uliofuata Call of Duty ikaleta Ricochet, yenye draiva inayokaa kwenye kiini hichohicho. Mwaka 2024 Vanguard ikapelekwa kwenye League of Legends, gemu iliyokuwa imechezwa kwa karibu miaka 15 bila sharti hilo. Mwaka 2025 Battlefield 6 ikawataka wachezaji wa kompyuta wawashe Secure Boot, kinga inayohakiki programu kompyuta inapowaka, kabla ya kuruhusiwa kuingia. Kila hatua ilipopigwa, wengi walishangilia. Dawa ya moto ni moto, walisema.

Napinga. Udanganyifu hupunguzwa kwenye seva, kwenye muundo wa gemu yenyewe, kwenye biashara inayowalisha wauzaji wa programu za kudanganyia, na kwa kazi ya binadamu wanaosimamia michezo. Kupekua mashine za watu ni msaada mdogo uliogeuzwa kuwa kazi kuu, kwa sababu humpunguzia mtengenezaji gharama na kumwachia mchezaji mwaminifu alipe: kwa usalama wa kompyuta yake, kwa akaunti yake, na wakati mwingine kwa kufukuzwa kabisa uwanjani.

Simtetei mdanganyifu. Anachokifanya ni dhuluma. Kijana hujifunza ramani kona kwa kona, husubiri bando la usiku apate saa chache za kucheza na wenzake, kisha huuawa na mtu ambaye hata hajamwona, kwa sababu mtu huyo ana programu inayomlengea shabaha na nyingine inayomwonyesha walio nyuma ya ukuta. Gemu ya watu wengi husimama juu ya ahadi moja, kwamba sheria ni zilezile kwa wote. Ahadi hiyo ikivunjwa, ustadi hauna thamani na wachezaji wema huondoka. Kwa kuwa ugonjwa ni mkubwa hivyo, sitaki upewe dawa isiyotibu.

Tuanze na gemu iliyoteswa na roboti kuliko nyingi. Team Fortress 2 ya Valve ilitoka mwaka 2007. Kuanzia karibu mwaka 2020, seva rasmi za kampuni zilijaa roboti: wadunguaji bandia wanaopiga kichwa cha kila anayejitokeza, wanaomwaga matusi kwenye gumzo, na wanaopiga kura kwa pamoja kuwafukuza wachezaji wa kweli. Mei 2022 wachezaji waliandamana mtandaoni kuitaka kampuni iiokoe gemu hiyo. Juni 2024 waliandamana tena, safari hii wakiwa na ombi lililosainiwa na watu zaidi ya 300,000. Mwishoni mwa mwezi huo Valve ilifungia akaunti za roboti kwa wingi, na hali ikabadilika waziwazi.

Roboti hizo hazikuwa zimejificha. Zilijizungusha kama pia, zilibeba majina yanayofanana, na zilipiga shabaha kwa namna ambayo mtoto angeitambua. Hakuna aliyehitaji kuchungulia kiini cha kompyuta ya mtu ili azijue. Kampuni ilikuwa na programu yake ya ulinzi, VAC, tangu mwaka 2002. Kilichokosekana ni mtu wa kushughulika. Ushahidi wake ni huu: katika miaka hiyohiyo, seva zilizoendeshwa na wachezaji wenyewe, zenye wasimamizi wanaokaa macho, ziliendelea kuchezeka. Roboti ikiingia, msimamizi aliitoa, na mchezo ukaendelea. Gemu ni ileile, programu ya ulinzi ni ileile, na roboti ni zilezile. Tofauti ilikuwa binadamu mwenye mamlaka na nia ya kusimamia.

Waumini wa ulinzi wa ndani watajibu kwamba roboti za ovyo ni rahisi, tatizo ni mdanganyifu mjanja. Haya, tumtazame huyo. Silaha yake ya kwanza ni kuona kupitia ukuta. Huona vipi? Seva humtumia kila mchezaji mahali walipo wapinzani wake wote, hata wale ambao hawezi kuwaona, na kuiachia kompyuta yake kazi ya kuwaficha kwenye skrini. Programu ya udanganyifu husoma tu habari ambayo tayari imeletwa nyumbani. Ni sawa na mgawaji wa karata anayezimwaga mezani zikiwa zimefunuliwa, akawaomba wachezaji wafumbe macho, kisha akaajiri mtu wa kukagua kope za kila mmoja. Tiba ni kufunika karata. Seva isipotuma mahali alipo adui hadi anapokaribia kuonekana, hakuna cha kuiba.

Hili si wazo geni. Katikati ya miaka ya 1980, Chip Morningstar na Randall Farmer walijenga Habitat ya Lucasfilm, mojawapo ya dunia za kwanza za mtandaoni, na somo moja waliloliandika baadaye ni kwamba mashine iliyo mikononi mwa mchezaji haiwezi kuaminiwa. Diablo ya kwanza, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1996, ililipuuza somo hilo: mhusika wa kila mchezaji alihifadhiwa kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe, kwa hiyo yeyote aliweza kujipa nguvu na silaha alizotaka. Diablo II ya mwaka 2000 iliwahamishia wahusika kwenye seva za kampuni yake, Blizzard. Udanganyifu haukwisha, maana roboti na vitu vilivyonakiliwa vilizuka baadaye, lakini mlango mkubwa kuliko yote ulifungwa bila kumpekua mtu yeyote.

Na Valorant yenyewe, ambayo hutajwa kila mara kuwa ushahidi wa nguvu za Vanguard, iliziba kuona kupitia ukuta kwa njia hiihii. Mwaka 2020 wahandisi wa Riot walieleza hadharani jinsi walivyojenga mfumo ambao seva humnyima mchezaji habari za adui hadi anapokaribia kumwona. Kazi ilikuwa ngumu, lakini iliwezekana. Basi anayesema usafi wa Valorant umetoka kwenye programu iliyo ndani ya kompyuta zetu anahesabu nusu ya hesabu.

Silaha ya pili ni kulengewa shabaha, na hapa nakiri kwamba seva haiwezi kuficha kila kitu: adui aliye mbele yako lazima uonyeshwe. Lakini hapahapa ndipo ulinzi wa ndani unapoanza kupofuka. Leo mdanganyifu huchomeka ndani ya kompyuta kadi inayosoma kumbukumbu yake moja kwa moja na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili, ambako programu ya udanganyifu hukaa kwa amani. Wengine hutumia programu inayotazama picha ya skrini tu, ikatambua umbo la adui, na kusogeza kipanya. Mwaka 2021 Activision, kampuni ya Call of Duty, iliingilia kati kusimamisha programu ya aina hiyo iliyotangazwa kuwa inafanya kazi hata kwenye PlayStation na Xbox, mashine ambazo mmiliki wake hawezi kusakinisha atakacho. Ulinzi unapochimba chini zaidi, mdanganyifu hutoka nje ya mashine. Kisha nini? Tuweke kamera chumbani?

Lakini kuna mahali ambapo mdanganyifu hawezi kupakwepa. Kwa njia yoyote atakayotumia, risasi yake lazima ifike kwenye seva. Muda aliochukua kugeuka, mkondo wa kipanya chake, mara ngapi alilenga kichwa cha mtu aliye nyuma ya moshi: vyote vimeandikwa huko. Hukumu ikatolewe huko. Mwaka 2013 Valve iliweka kwenye Counter-Strike: Global Offensive utaratibu ulioitwa Overwatch, ambapo wachezaji wazoefu walitazama marudio ya mchezo wa mtuhumiwa na kupiga kura kama amedanganya. Baadaye ikaongeza VACnet, mfumo uliojifunza kutokana na hukumu za wachezaji hao. Mwaka 2018 John McDonald wa Valve alieleza matokeo yake: kesi zilizopelekwa na wachezaji waliolalamika ziliishia na hatia kati ya asilimia 15 na 30 tu, ilhali zilizopelekwa na VACnet zilifikia kati ya asilimia 80 na 95.

Takwimu hizo zina mambo mawili. La kwanza, mwenendo wa mchezaji unatosha kumfichua. La pili, wachezaji tunatuhumiana hovyo: wengi tunaowaita wadanganyifu wametushinda tu. Kwa hiyo hasira yetu si msingi wa kuipa kampuni ruhusa ya kufanya lolote.

Sataranji inathibitisha zaidi. Hakuna mchezo ulio rahisi kudanganya mtandaoni kama huo, kwa kuwa simu ya kawaida inaweza kumshinda bingwa wa dunia, na mdanganyifu anaweza kuiweka pajani ambako hakuna programu itakayoiona. Hata hivyo, Lichess, tovuti isiyo ya faida inayochezwa bure, hufungia wadanganyifu kila siku bila kuingiza chochote kwenye kompyuta ya mtu. Hulinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo mashine ingechagua, hutazama muda anaoutumia kufikiri, na wasimamizi wake hukagua. Msimbo wa Lichess uko wazi kwa umma, ukiwamo ule wa Irwin, mfumo wake wa kutambua udanganyifu. Watu wanaoendesha tovuti kwa michango wameweza. Kampuni zenye mapato ya mabilioni ya dola haziwezi kutuambia kwamba haiwezekani.

Hata pale inapobidi kumtega mdanganyifu kwenye mashine yake, akili hushinda mabavu. Februari 2023 Valve ilitangaza kwamba imefungia akaunti zaidi ya 40,000 za gemu yake ya Dota 2. Ilikuwa imeweka ndani ya gemu sehemu ya data ambayo mchezo wa kawaida hauisomi kamwe, lakini programu za udanganyifu huisoma. Aliyeigusa alijitaja mwenyewe. Mwaminifu hakupekuliwa, na mwenye hatia hakuwa na la kujitetea.

Sasa tuitazame bei ya ulinzi wa ndani. Programu inayokaa kwenye kiini cha mfumo endeshi ina uwezo juu ya kila kitu kilichomo: mafaili, nywila, hata programu za kuzuia virusi. Ikiwa na kasoro, kasoro hiyo ni ya kompyuta nzima. Septemba 2016 Capcom iliisasisha Street Fighter V kwa draiva ya kuzuia udanganyifu, na wataalamu wakagundua kwamba inairuhusu programu yoyote kupata madaraka ya kiini hicho. Kampuni ikalazimika kuiondoa. Agosti 2022 watafiti wa Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyoichukua draiva ya ulinzi ya Genshin Impact na kuitumia kuzima programu za kuzuia virusi, kisha wakafunga mafaili ya waathiriwa na kudai fidia. Waathiriwa hawakuhitaji kuwa wamewahi hata kucheza gemu hiyo, kwa kuwa wahalifu waliibeba draiva na kuiingiza wenyewe, na Windows ikaikubali kwa sababu ilikuwa na saini halali.

Si kasoro peke yake ya kuogopa. Mwaka 2013 iligundulika kwamba programu ya kuzuia udanganyifu ya ligi ya ESEA ya Marekani ilikuwa imetumiwa kuchimba bitcoin kwenye kompyuta za wachezaji bila wao kujua. Suala hilo liliishia kwenye suluhu ya dola milioni 1 na jimbo la New Jersey. Wachezaji walikuwa wameifungulia ligi hiyo mlango kwa nia njema, wakiamini wanaulinda mchezo. Na anayedhani kosa la bahati mbaya kwenye kiini ni dogo akumbuke tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5, likasimamisha ndege na kuvuruga kazi za hospitali. Hiyo ni kampuni ambayo usalama ndio kazi yake. Je, tuwe na imani zaidi na kampuni ya gemu?

Bei nyingine hulipwa na wasio na hatia. Mwaka 2010 Valve iliwafungia kimakosa wachezaji wapatao 12,000 wa Modern Warfare 2, ikaomba radhi na kuwapa gemu ya bure. Oktoba 2023 wachezaji wa Counter-Strike 2 walifungiwa kwa sababu walikuwa wamewasha huduma iliyoletwa na AMD, kampuni iliyotengeneza kadi zao za picha, na AMD ikalazimika kuiondoa. Oktoba 2024 Activision ilikiri kwamba Ricochet ilikuwa na mwanya uliowafungia wachezaji halali. Mdukuzi alikuwa amegundua kwamba mfumo hutafuta maneno fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Alichofanya ni kuwatumia wachezaji ujumbe wenye maneno hayo, na ulinzi ukawahukumu waliotumiwa. Katika mwezi huohuo Apex Legends ikawafungia nje watumiaji wote wa Linux, wema na wabaya kwa pamoja, kwa sababu mfumo wao uliwapa wadanganyifu upenyo.

Kwetu Afrika Mashariki adhabu hii ya jumla huuma zaidi, na hakuna anayetuzungumzia. Kompyuta nyingi tunazochezea zimenunuliwa zikiwa zimetumika, zikatengenezwa na kuuzwa tena. Sharti la kuwa na TPM 2.0, chipu ya usalama, ambalo Vanguard huliweka kwa Windows 11, huzikataa mashine za zamani zinazofanya kazi vizuri. Adhabu inayofunga namba za vifaa vya kompyuta humfuata atakayeinunua kesho, ambaye hajui lolote kuhusu aliyeimiliki jana. Katika vibanda vya gemu na vyumba vya intaneti watu wengi hupokezana mashine moja, mmoja akachiti na wote wakafungiwa. Kampuni zetu za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo kufungia anwani ni kufungia mtaa. Seva nazo ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, na mchezaji ambaye mtandao wake unakatika huonekana akirukaruka skrini kama mdanganyifu. Anayehukumiwa na mashine huandika rufaa, na mashine humjibu kwamba uamuzi ni wa mwisho.

Kwa nini basi kampuni zinaipenda njia hii? Kwa sababu inatoa namba za kutangaza. Kufikia Oktoba 2018 gemu ya PUBG ilikuwa imefungia akaunti milioni 13. Namba kubwa, lakini inapima nini? Mdanganyifu aliyefungiwa mara kumi amehesabiwa mara kumi, na kesho atarudi. Kipimo cha kweli ni idadi ya michezo iliyoharibiwa katika kila mia, na hiyo kampuni chache sana huitangaza. Wachezaji tudai namba hiyo.

Udanganyifu ni biashara, na biashara hufa inapokosa faida. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan nchini China, wakishirikiana na kampuni ya Tencent, waliwakamata watu 10 na kushikilia mali ya takriban dola milioni 46, magari ya kifahari yakiwamo. Mali hiyo ilitokana na kuuza programu za udanganyifu kwa malipo ya siku na ya mwezi. Korea Kusini ilitunga sheria mwishoni mwa mwaka 2016 inayomwadhibu anayetengeneza au kusambaza programu hizo kwa kifungo cha hadi miaka 5 au faini ya hadi won milioni 50. Mwaka 2024 mahakama ya Marekani iliwaamuru wauzaji wa programu hizo, EngineOwning na washirika wake, kuilipa Activision zaidi ya dola milioni 14. Hatua hizo humfuata muuzaji, aliye mmoja, badala ya kuwashuku mamilioni ya wanunuzi wa gemu.

Gemu ya RuneScape ina somo zito zaidi, la makosa na la marekebisho. Roboti ziliijaa kwa sababu dhahabu ya gemu hiyo iliuzwa kwa pesa za kweli. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, kampuni yake, Jagex, iliamua kuzuia biashara huru kati ya wachezaji. Wauza dhahabu walibanwa, lakini na rafiki hakuweza tena kumpa rafiki yake silaha, na wachezaji wengi waliondoka kwa hasira. Mwishoni mwa mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011 kampuni iliwauliza wachezaji wenyewe. Zaidi ya kura milioni 1.2 zilipigwa, asilimia 91 zikataka uhuru urudi, na ukarudi. Roboti nazo zikarudi. Oktoba 2011 Jagex ikabadilisha muundo wa gemu kwa namna iliyovunja programu zilizoziendesha roboti. Mwaka 2013 ikaleta hati za uanachama zinazonunuliwa kwa pesa na kubadilishwa kwa dhahabu ndani ya gemu kihalali, hivyo aliyetaka dhahabu hakulazimika tena kwenda kwa mhalifu. Roboti hazijaisha RuneScape hadi leo. Lakini gemu iko hai, na kilichoiweka hai ni kubadilisha uchumi wake. Kuwaadhibu wote ndiko kulikokaribia kuiua.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana si za kipuuzi. Ya kwanza ni kwamba ulinzi wa ndani hupandisha gharama ya kudanganya. Ni kweli. Mtoto aliyepakua programu ya bure hawezi kuipita Vanguard, na kadi za kusoma kumbukumbu si za bei ya chini. Lakini gharama ya kuanza upya hupandishwa pia kwa njia nyepesi. Tangu mwaka 2017 Dota 2 inamtaka mchezaji wa michezo ya daraja aunganishe namba ya simu. Tanzania, ambako laini husajiliwa kwa alama za vidole, mtu hapati laini mpya kila anapofungiwa, na kampuni ya gemu haihitaji kujua chochote zaidi ya namba. Aidha, saa za kucheza kabla ya kuruhusiwa kwenye michezo ya daraja humfanya mdanganyifu apoteze kitu kila anaponaswa. Mlinzi anayelala kwenye kiini cha kompyuta hahitajiki kwa hilo.

Hoja ya pili ni kwamba kazi ya seva na ya wasimamizi ni ghali. Ndiyo, ni ghali, na ndiyo maana wanatuachia sisi gharama. Gemu za bure huuza mavazi na silaha za rangi kwa mabilioni ya dola, na wanunuzi wake ni hawahawa wanaoambiwa hakuna pesa za kuajiri waamuzi. Anayeuza tiketi za mchezo anadaiwa refa.

Hoja ya tatu husemwa na wachezaji wenyewe: asiye na cha kuficha ana hofu gani? Waliofungiwa kwa sababu ya huduma ya AMD hawakuwa na cha kuficha. Waliotumiwa ujumbe na mdukuzi wa Call of Duty hawakuwa na cha kuficha. Wachezaji wa ESEA waliochimbiwa bitcoin kwenye mashine zao hawakuwa na cha kuficha. Usafi wako haukulindi dhidi ya kosa wala tamaa ya aliyepewa ufunguo wa kila kitu chako.

Kwa hiyo yanayotakiwa yako wazi. Kampuni ijenge gemu ambayo seva haimpi mchezaji asichopaswa kukijua wala haiamini inachoambiwa na kompyuta yake. Mwenendo uchambuliwe kwenye seva, na kabla ya adhabu ya kudumu binadamu atazame marudio ya mchezo. Aliyefungiwa aelezwe kosa lake na asikilizwe na mtu. Ulinzi wa ndani, kama lazima uwepo, uwe wa hiari: uwekewe michezo ya mashindano na pesa, ulale gemu inapozimwa, na ukaguliwe na wataalamu wasiolipwa na kampuni. Waandaaji wa mashindano yetu Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waajiri waamuzi na kuhifadhi marudio ya kila mchezo, badala ya kutegemea programu ambayo hawawezi hata kuihoji.

Serikali zetu nazo zina chombo mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo lenye athari kubwa kwake. Uganda ilitunga sheria yake mwaka huohuo, na Tanzania mwaka 2022. Kijana aliyepoteza akaunti aliyoijenga kwa miaka, yenye vitu alivyonunua kwa akiba yake, au aliyefungiwa nje ya mashindano yenye zawadi, anastahili kupeleka lalamiko lake kwa wasimamizi wa sheria hizo na kusikilizwa kwa uzito. Hadi sasa tumeziona kama sheria za benki na kampuni za mikopo. Ni zetu pia.

Na wewe unayecheza, usinunue programu ya udanganyifu hata ya siku moja, kwa sababu shilingi yako ndiyo mshahara wa anayeuharibu mchezo. Usimtuhumu kila aliyekushinda. Ukimwona mdanganyifu wa kweli, ripoti na uhifadhi marudio. Kisha iulize kampuni, kabla hujabonyeza kukubali masharti yake: seva yenu inanitumia nini ambacho sipaswi kukiona, na nani atanisikiliza mkinifungia kimakosa? Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo mawili haijastahili kuingia kwenye kiini cha kompyuta yako. Ikatalie.